Tairi Lenye Kitambi

Pilipili hakuitwa hivyo kwa kupenda pilipili. Aliitwa hivyo kwa ulimi wake. Tangu mkewe afariki, ulimi huo ulikosa wa kuupoza.

Asubuhi hiyo alisimama shambani akitazama mahindi yake. Kila mahali lilipopita gurudumu la trekta, udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Mbegu zilikuwa zimeota moja moja, kama meno ya mtoto. Msimu wa kupanda ulikuwa unakaribia kwisha, na nusu ya shamba haijalimwa. Nusu hiyo nayo ikiharibika, nyumbani hakuna chakula.

"Wametumaliza hawa," alisema. "Wanakaa ofisini wananenepa, sisi wanatuletea matairi mabovu."

Hawa ni viongozi wa ushirika. Walimfungia trekta lake matairi mapya ya nyuma, wakapiga naye picha, wakaondoka.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa dereva wa trekta shamba la jirani. Akasimama njiani.

"Shemeji, leo unamtukana nani?"

"Ushirika. Tairi hili lilikuja na kitambi kama cha mwenyekiti wao. Nikalijaza upepo mpaka likakaa wima. Bado linateleza, linakula mafuta. Upande huu narudisha lile la zamani."

"Usithubutu. Ukichanganya aina mbili kwenye ekseli moja, trekta litavuta upande na kuharibu gia. Upepo ulijaza kiasi gani?"

"Kama wa lile la zamani."

"Basi umemfunga mkanda mtu aliyeshiba."

Shemeji akachuchumaa, akapiga ubavu wa tairi kwa kiganja.

"Lile la zamani, nyuzi zake za ndani zimekatizana mshazari. Ubavu wake mgumu. Bei yake nafuu, na kwenye visiki na mawe linavumilia. Kwa tela linafaa sana. Hili ni radiali. Nyuzi zake zinavuka moja kwa moja toka ukingo hadi ukingo, na chini ya meno kuna mikanda. Ubavu wake laini. Kitambi hicho ndicho kazi yake: tairi linalala, linakanyaga eneo kubwa, meno mengi yanashika, udongo haushindiliwi. Wewe ulilisimamisha juu ya ncha za vidole."

Pilipili aliubonyeza ubavu wa tairi.

"Na wao hawakuwa na mdomo wa kuniambia?"

"Walikosea. Ila hasira haipimi upepo. Lete geji."

Walipima tairi hilo na mwenzake yakiwa baridi. Kiasi walikitoa kwenye jedwali la mtengenezaji wa matairi hayo, kufuatana na uzito wa trekta na jembe lake. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu. Kitambi kikarudi.

Pilipili alichimbua ule udongo ulioshindiliwa, akalima na nusu iliyobaki, akapanda. Safari hii mahindi yaliota mstari mzima.

Mwenyekiti wa ushirika akaja na simu yake, shati jeupe limepigwa pasi, akawakuta Pilipili na shemeji kando ya trekta.

"Simama hapo, mzee, tukupige picha ya maendeleo."

"Picha baadaye. Wenzangu wamepewa matairi kama haya, na leo hii wanayajaza kama nilivyoyajaza mimi. Wewe ndiye utakayewafundisha. Anza hapa."

Akampa geji. Mwenyekiti akamtazama shemeji. Shemeji akamwonyesha tairi. Hatimaye mwenyekiti akapiga goti kwenye tope.

Pilipili hakutabasamu.

"Pima polepole," alisema. "Na hicho kitambi usikiogope. Wewe mwenyewe unacho."