Kipande cha Godoro

Zipu ya sketi ya Specioza ilikatika katikati ya soko la Bariadi, mchana kweupe, na fundi cherehani wa karibu aliitwa Mayunga. Mapenzi mengine huanza kwa aibu namna hiyo. Mayunga alimpa kanga ajifunge, akashona huku akimtania kwamba sketi nzuri hivyo ilikuwa inatafuta fundi siku nyingi. Hadi zipu inakaa sawa, namba ya simu ilikuwa imeshatolewa.

Specioza alikuwa mkemia katika maabara moja jijini Mwanza. Walipendana kwa simu na kwa mabasi ya Jumamosi, mpaka Mayunga akasema sasa aje kijijini kwa mama yake, alale, ajulikane. Akamshonea gauni la kitenge cha njano. Specioza alifika nalo akakuta watu wanalia. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa amekutwa amekufa kitandani, povu mdomoni.

Lawama zilimwangukia Nyanjige, mke wa kaka yake Mayunga, kwa kuwa ndiye aliyepika chakula cha usiku ule, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mayunga alipiga kelele kuliko wote, kwamba shemeji yake alimwonea wivu bibi harusi. Polisi wakamchukua Nyanjige pamoja na mtoto wake anayenyonya.

Sampuli zikapelekwa kwenye maabara ya Specioza: michembe, maji ya mtungi, kipande cha godoro. Alimweleza mkuu wake kwamba anaijua familia ile; mkuu akasema apime, naye atasimama pembeni yake ashuhudie. Mashine yao huzitenganisha kemikali ndani ya kimiminika, kisha huzipima uzito moja moja, wala haijali nani anampenda nani. Michembe ilikuwa safi. Maji pia. Godoro likatoa sumu ya kupulizia pamba, nyingi kiasi kwamba Specioza aliisafisha mashine akarudia upya, akiomba awe amekosea. Hakuwa amekosea.

Alimpigia Mayunga.

"Umeipata, mpenzi?"

"Nimeipata. Haimo kwenye chakula. Nani alipulizia godoro la mayu, mama yako?"



"Dawa ya pamba inaua kunguni," Mayunga alisema. "Huku wengi tunafanya hivyo. Mayu alikuwa akupishe kitanda chake, akasema usiku ule wa kabla hujafika alale yeye kwanza, harufu ipungue. Niliona aibu, Spe. Sikutaka uumwe na kunguni kwetu."

Kisha akamwomba aandike kwamba ni michembe. Akamwita majina yote ya mapenzi aliyowahi kumwita. Specioza alilia, maana alimpenda kweli, lakini akamwambia Nyanjige ananyonyesha rumande, na yeye atasaini alichokiona. Aende polisi mwenyewe kabla ripoti haijafika.

Alikwenda. Nyanjige alirudi nyumbani bila kumsalimia mtu. Mayunga alipopata dhamana, Specioza alimfuata, akamkuta stendi ya Bariadi amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Tuoane hivyo hivyo," Specioza alisema. "Mimi sikuhukumu."

"Nakupenda," Mayunga alijibu, macho chini. "Lakini nikikutazama, naona nilichomfanyia mayu ili nikupendeze wewe."

Specioza alikaa naye mpaka basi la Mwanza lilipojaa, kisha akapanda.