Choo Kimejaa, Harusi Imekaribia

Salhiya alikuwa akichagua mchele uani kwake, Tunguu. Nyumba ilijaa shangwe. Binti yake, Sumaiya, alikuwa anaolewa Ijumaa, na wageni wa mjini wangekuja kulala.

"Salhiya! Choo kimejaa!" mumewe, Ame, aliita kutoka nyuma ya nyumba.

"Yarabi! Leo?"

Ardhi ya pale ni mawe matupu, shimo halichimbiki. Kwa hiyo Ame alijenga choo cha mboji juu ya ardhi, chenye vyumba viwili chini yake. Cha kwanza kilijaa mwaka juzi, wakakifunga. Sasa cha pili nacho kimejaa, tena kinanuka.

Ame alishika chepe. "Nnakitoa uchafu hiki cha pili sasa hivi. Kile cha kwanza sikigusi! Uchafu umefungiwa humo muda wote huo. Harufu yake itatuua."

"Ngoja, Baba Sumaiya. Nnakwenda kumwita Bi Mwanakheir."

Bi Mwanakheir, jirani yao, alikuwa mhudumu wa afya. Alikuja mbio.

"Ame, weka chepe chini! Hicho bado kibichi. Kina vijidudu na mayai ya minyoo. Ukikitoa leo, utawaharisha wageni wote."

"Sasa nifanyeje, Bi Mwanakheir?"

"Fungua cha kwanza. Kimepumzika zaidi ya mwaka. Kimeshaiva."

Ame hakuamini. Alivaa mabuti, glavu na barakoa. Salhiya akaziba pua kwa kanga. Ame akasukuma mfuniko wa nyuma polepole. Ukaanguka, pu!

Salhiya akaachia kanga kidogo, akanusa.

"Mbona hakunuki?" Salhiya aliuliza.

Ame alichota. Ukatoka udongo mweusi, mkavu, unapukutika. Ulinukia kama shamba baada ya mvua. Salhiya akapiga kigelegele. Majirani wakatoka nje, wakidhani bwana harusi keshafika!

Bi Mwanakheir alicheka. "Ungekuwa majimaji au ungenuka, tungefunga tena tungoje. Mboji hii ifukieni kwenye migomba. Msiitie kwenye mboga za kuliwa mbichi."

"Na hiki cha pili mbona kinanuka?" Ame aliuliza.

"Mnachambia wapi?"

"Pale pale tunduni."

"Ndiyo hayo! Maji yanakiharibu. Chambieni pembeni, maji yaende kwenye changarawe nje. Na kila mtu akimaliza haja, amwage jivu au majani makavu."

Wakamwaga jivu jingi kwenye chumba cha pili, wakakifunga kabisa. Cha kwanza wakakitoa mboji yote, wakaanza kukitumia. Ame aliosha vifaa, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni.

Ijumaa, mama wa bwana harusi alitoka chooni macho yamemtoka.

"Salhiya! Hamna harufu, hamna hata nzi! Choo gani hiki? Na mimi nnakitaka."

Ame alisikia. Akapandisha kanzu yake mpya, akachuchumaa nyuma ya choo.

"Njoo uone, mkwe! Huku kumefungwa, hakuguswi mwaka mzima. Na huku..."

Biriani likapakuliwa, likapoa. Ame alikuwa bado anaeleza.