Mama Nadhifu Apanga Kompyuta

Mtaani walimwita Mama Nadhifu, na jina lilimkaa. Alikuwa mshonaji. Nyuzi zake alizipanga kwa rangi, sindano kwa unene. Hata vifungo vilivyookotwa sakafuni vilikuwa na mkebe wao. Mtu akihamisha mkasi wake, siku hiyo hakuna amani nyumbani.

Asubuhi ile alikuwa na kazi ya moyo. Kesho yake binti yake angehitimu uuguzi. Binti na wenzake walikuwa wameleta sare zao zidariziwe nembo ya chuo kifuani. Cherehani ya kudarizi iliunganishwa na kompyuta kwa waya. Nembo huchorwa kwenye kompyuta, cherehani huifuata.

Alipoiwasha kompyuta, aliona fujo. Folda huku, folda kule, nyingine zina majina asiyoyajua.

"Nyumba hii haijafagiwa tangu inunuliwe," alisema.

Folda ya programu ya kudarizi akaihamishia karibu na nembo, maana vitu vya kazi moja hukaa pamoja. Programu nyingine ndogo, yenye jina refu la ajabu, akaifuta. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo, tena kwa furaha.

Kisha akataka kudarizi. Programu haikufunguka. Cherehani nayo ilikaa kimya kama mgeni aliyenuniwa. Alichomoa waya, akachomeka. Wapi! Machozi yakamtoka.

"Usilie, mama," alisema binti. "Hata bila nembo nitahitimu."

"Na wenzako je? Nitawatazama kwa macho gani?"

Binti alimvutia mama yake kiti, kisha akampigia simu shangazi yake, fundi wa kompyuta. Shangazi aliacha chakula chake mezani, akaja mbio.

"Wifi, umevunja nini leo?"

"Nimepanga tu."

"Ndiyo ninachokiogopa! Kaka yangu umempanga mpaka hajui soksi zake ziko wapi."

Mama Nadhifu alicheka, machozi yangali shavuni.

"Sasa sikiliza," alisema shangazi. "Ndani ya kompyuta kuna mfumo endeshi. Huo ndio msimamizi wa nyumba. Programu ikiwekwa, mfumo huipa chumba na kukumbuka iko wapi. Ukiihamisha kwa mkono, mfumo unabisha hodi kwenye chumba kitupu."

"Kama mtu aliyehamisha mkasi wangu!"

"Umesema mwenyewe, mimi simo."

"Na ile ndogo niliyoifuta?"

"Ile ni kiendeshi cha cherehani. Kompyuta haijui lugha ya cherehani. Kiendeshi ndicho mkalimani wao. Printa ina chake, kamera ina chake. Ukimfukuza mkalimani, wenyewe wanabaki kutazamana."

Mama Nadhifu akashika kifua. "Nembo nazo zimekwenda?"

"Zipo. Nembo ni kazi zako, zina folda yake. Hizo panga upendavyo, na uweke nakala. Mafaili ya programu yaache yalipo. Programu usiyoitaka, iondoe kwenye mipangilio, mfumo wenyewe uifungashe virago."

Shangazi hakugusa kipanya. Alimsogezea wifi yake. "Shika wewe. Mkono ukifanya, kichwa hakisahau."

Polepole, Mama Nadhifu aliiondoa programu iliyovurugika kupitia mipangilio, akaiweka upya. Kiendeshi wakakichukua kwenye tovuti ya watengenezaji wa cherehani.

"Usikichukue kwingine," alionya shangazi. "Kwingine unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia."

Wakaizima kompyuta na kuiwasha tena. Binti akachomeka waya. Wote watatu wakaisogelea cherehani.

Cherehani ikatoa mlio mfupi.

"Imeitika!" alipiga kelele Mama Nadhifu, akamkumbatia wifi yake mpaka miwani ikaenda upande.

Kabla ya kugusa sare, alinakili nembo zote kwenye flashi. Ndipo sindano ikaanza kukimbia. Sare ya mwisho ilitoka jua halijazama.

Kesho yake wahitimu walisimama mstari mmoja. Mama Nadhifu hakusikia hotuba hata moja. Alikuwa akitazama vifua, kimoja baada ya kingine, hadi akafika kwa mwanawe. Hapo pumzi ndefu ikamtoka. Wifi yake aliyekaa kando alimpa leso.