Makonyo Kwenye Kiti cha Nyuma

Haya yalimpata Nassor, rafiki yangu wa Kengeja, huku kisiwani, na mimi sikumwonea huruma. Aliapa kwa Msahafu kuwa mikarafuu ya shangazi yake, Bi Mwanapili, ni mali yake yeye Nassor. Akaiuza, akanunua gari.

"Umeapa uwongo kwa mdomo huo," shangazi alimwambia. "Nshakusomea Halbadiri, laana yake ikufuate, mwanangu. Nenda utakako."

Akavuka kwenda bara na gari lake, akalipandisha milima ya Lushoto. Huko juu ukungu ukafunga njia mchana, kiza kitupu. Nyuma yake akasikia tak, tak, tak, kama wanawake wanaochambua karafuu. Akazima injini. Sauti haikukoma.

Akageuka. Kiti cha nyuma kimejaa makonyo mabichi, vijiti vitupu, karafuu zishachambuliwa.

Akataka kupiga kelele, akashindwa. Karafuu zilikuwa zimemjaa mdomoni.