Salamu za Ziwa Bakuli

Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2024, pikipiki yenye watu wawili iliacha barabara ya Ipole na kuingia msituni. Aliyeendesha ni Lukumani, msaka mawe. Nyuma yake alikaa Mwanne, fundi cherehani wa Mtendeni, Tabora. Walikuwa wakienda Ziwa Bakuli kumsomea dua Rashidi, mdogo wake Mwanne, aliyezama huko siku arobaini zilizopita.

Ziwa lile ni duara. Jiwe lilianguka kutoka mbinguni, zamani kabla ya watu, likachimba shimo, mvua ikalijaza. Vipande vyake vyeusi, vizito kama chuma, bado vimo kwenye kingo, na wapo wanaovisaka. Rashidi na Lukumani walivisaka pamoja. Mmoja hushuka kwa kamba, mwingine hushikilia juu. Siku ile alishuka Rashidi.

"Kamba ilikatika, dada," Lukumani alisema msibani, akimkabidhi kipande cha kamba kilichobaki.

Mwanne alikitazama mara moja tu. Miaka ishirini anashona. Uzi uliokatika wenyewe huacha manyoya, kila unyuzi na urefu wake. Ncha ile ilikuwa sawasawa. Ilikuwa imepitiwa na kisu.

Alingoja arobaini.

Penye mizinga walimkuta mzee Octavian, mrina asali, akifunga nta kwenye gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ee bwana, shati jeupe hilo porini, umekuja kuoa nyuki?"

Lukumani alicheka, akainama kukagua mnyororo wa pikipiki. Mzee akamsogelea Mwanne, akashusha sauti.

"Mwanangu, kule usiitikie salamu. Wapagazi wa misafara ya zamani walioshindwa kutembea waliachwa pale wafe. Unajua shikamoo maana yake nini?"

"Nashika miguu yako."

"Basi wao hawatanii. Ukisema marahaba, umewaruhusu."

Pikipiki ikawaka.

"Mzee kasema nini?" Lukumani aliuliza.

Mwanne alipanda, akatengeneza kanga yake.

"Kasema tuwahi kurudi."

Walipofika ziwani, maji yalikuwa meusi, hayatikisiki. Hapakuwa na chura aliyelia. Palinuka chuma kilicholowa... kama mdomo wenye damu. Mwanne alibaki juu ya jabali la ukingoni. Lukumani alivua viatu, akaingia maji ya kifundo cha mguu, akainama kutawadha.

"Shikamoo."

Sauti ilitoka kwenye matete. Mtoto wa Tabora hafundishwi salamu mara mbili.

"Marahaba," Lukumani akaitikia, bado ameinama.

"Shikamoo..."

Upande wa pili.

"Marahaba, hamjambo?" Akainua kichwa.

Hakuna mtu.

"Shikamoo... Shikamoo... Shikamoo..."

Akataka kugeuka. Miguu haikugeuka.

"Dada Mwanne," alinong'ona. "Nipe mkono. Kuna kitu..."

"Ulikata kamba?"

"Nishike kwanza!"

"Ulikata?"

Maji yalikuwa magotini. Hakuwa amepiga hatua.

"Nilikata! Jiwe lilishafika juu, kubwa, dada... nikalitaka peke yangu. Nisamehe. Kwa jina la Mungu, nisamehe!"

Mwanne akaketi juu ya jabali.

Lukumani alienda chini wima, kama nguzo inayogongwa ardhini. Kiuno. Kifua. Shati jeupe lote. Hapakuwa na povu.

Kisha, chini kabisa ya jabali...

"Shikamoo, dada."

Aliijua sauti ile ya mdogo wake. Aliijua tangu mwenye nayo alipoanza kusema. Kila asubuhi, miaka ishirini na sita, hakuwahi kuiacha bila jibu. Akajaza kanga mdomoni kwa mikono yote miwili, akakimbia.

"Dada?" Sauti ilimfuata hadi kwenye miti. "Dada, umeninunia?"

Polisi walimhoji siku mbili. Alisema Lukumani aliingia kutawadha, hakutoka. Mwili haukupatikana, kama wa Rashidi.

Mtendeni, Mwanne aliacha kuitikia shikamoo. Wanafunzi wakipita wakamwamkia, aliwatazama tu. Jirani yake, Shamila, alimjia juu mlangoni.

"Shoga, kiburi hicho umekitoa wapi? Wanangu wanakuamkia, wewe kimya kama mlango!"

"Nisamehe. Kuna mtu sijamwitikia."

"Nani huyo?"

"Ananingoja. Siwezi kuanza na wengine."

Shamila alidhani ni msiba bado unamsumbua, akaenda kumletea uji.

Jumamosi tarehe 2 Novemba Mwanne alifunika cherehani, akampa Shamila ufunguo wa nyumba, akapanda basi la Mpanda. Alishuka Ipole saa kumi na moja jioni. Kondakta anasema hakuwa na mzigo, na hakuuliza basi la kurudi ni saa ngapi.