Jina la Bruno kwenye Karatasi

Kila asubuhi Donatien anatoka ziwani macho mekundu, miguu imelowa, njaa inamuuma. Yeye ni kiongozi wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, kwenye ufuko mmoja wa Bukavu. Watu wanamwita Président, na jina hilo linamkaa vizuri sana masikioni. Mke wake, Colombe, anapokea samaki na kuwapeleka sokoni Nyawera kabla jua halijawa kali. Sambaza hao wanasomesha watoto wao wanne, Gloire akiwa wa kwanza.

Jumatatu moja alikuja Aimée, mfanyakazi wa ofisi ya uvuvi. Alileta karatasi thelathini.

“Papa Président, kuna sheria mupya,” alisema. “Haiyapita bado. Tunataka kwanza kujua watu wanawaza nini.”

Mambo yalikuwa matatu. Kwanza, nyavu zenye matundu madogo sana ziachwe. Pili, ziwa lipumzike miezi miwili kwa mwaka, samaki wazaane. Tatu, wanaovua kwa ndoana kwa kujifurahisha wasichukue zaidi ya samaki kumi kwa siku.

“Kila mutu karatasi yake,” Aimée alisema. “Wavuvi, bamaman wanaouzisha, hata wale wa ndoana ya kujifurahisha siku ya dimanche. Tutakutana samedi kwenye salle ya paroisse.” Akamwachia Donatien karatasi zote azigawe.

Katika maneno hayo yote, Donatien alisikia mawili tu: miezi miwili. Watoto wangekula nini? Hofu ilimshika, na hofu ikamshauri vibaya. Alhamisi mchana aliketi mezani, akajaza karatasi zote thelathini peke yake. Hapana, hapana, hapana, na hapa na pale sababu ya kubuni. Ili zisifanane alibadilisha kalamu: ya buluu, nyeusi, kisha nyekundu. Mtu mzima huyo!

Colombe alisimama mlangoni akimwangalia.

“Papa Gloire, umewauliza?”

“Niwaulize nini? Nawajua wote. Hakuna mutu anapenda njaa.”

“Na mimi? Yangu iko wapi?”

“Nilishakuandikia. Umekataa.”

Colombe aliguna, akarudi jikoni.

Majina yalipomwishia, Donatien alifungua daftari la zamani la ekipe yake, wavuvi wa mtumbwi wake. Alinakili haraka haraka mpaka akafika thelathini. Kichwa kilikuwa kwenye ile miezi miwili, wala hakuangalia ni majina ya nani.

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Aimée alipokea karatasi, akamshukuru Président mbele ya watu wote. Kisha akasema jambo ambalo Donatien hakulitazamia.

“Nitaita jina moja moja. Mwenye jina asimame, atueleze kidogo.”

Donatien aliangalia mlango.

“Bruno Cirhuza,” Aimée aliita.

Hakuna aliyesimama. Aliita tena. Nyuma kabisa aliinuka Feza, mama yake Akili, anayeuza sambaza karibu na Colombe pale Nyawera.

“Maman, huyo ni bwana yangu,” alisema polepole. “Iko ku makaburi ya Ruzizi. Miaka ine sasa. Ziwa ilimukamata.”

Watu waligeuka kumtazama.

“Aliandika nini?” Feza aliuliza.

Aimée alisita, kisha akasoma: “Samaki ndogo haina shida. Nyavu ibakie vile iko.”

“Bruno aseme vile?” Feza alisogea mbele. “Bruno njo alikuwa anarudisha watoto wa samaki mu maji. Na mulikuwa munamucheka.”

Ni kweli walimcheka. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Donatien. Ndiye aliyembandika jina la Papa wa Sambaza, yaani baba yao. Tena Donatien huyo alikuwa naye siku mtumbwi ulipopinduka, na ndiye aliyekwenda kumpa Feza habari. Leo amemlazimisha marehemu kusema asilolisema. Masikio yalimwaka moto. Aliangalia chini, akaona wino mwekundu kwenye kidole chake. Angeweza kukaa kimya, lakini aibu haikumruhusu kuendelea kukaa.

“Ni mimi,” alisema akisimama. “Niliandika zote.”

“Hata yangu?” aliuliza Cyprien, mvuvi mwenzake. “Mimi nilitaka kukubali ya ndoana na kukataa ya miezi.”

Watu walianza kunung'unika. Donatien alitamani sakafu impokee. Colombe, mkewe, alikuwa ameufunika uso kwa kitenge.

Aimée hakumkaripia. Alizikusanya karatasi, akaziweka kando.

“Karatasi thelathini za mukono moja ni maoni ya mutu moja,” alisema. “Kama ningezipeleka, ofisi wangetambua mukono na kuzitupa zote. Papa Président iko na haki ya kuogopa njaa. Lakini hata hiyo sauti yake ingetupwa.”

“Sasa tufanye namna gani?” Cyprien aliuliza.

“Kila jambo inajibiwa peke yake. Unaweza kukubali moja na kukataa ingine. Sema na sababu. Sema kitu uliona na macho yako. Kama hujue kuandika, mwingine akuandikie, akusomee mbele ya shahidi. Ukisikia ni maneno yako kweli, njo uweke kidole.”

Aliwapa juma moja.

Donatien alipita nyumba kwa nyumba akiomba msamaha na kugawa karatasi mpya. Wengine walimkaribisha, wengine walimwacha asimame nje kwenye mvua. Nyawera aliiacha ya mwisho, maana aliiogopa kuliko zote. Feza alikuwa anapanga sambaza kwenye sahani. Hakuinua uso.

“Maman Akili, nilikukosea. Nilimukosea na Bruno. Unisamehe.”

“Unataka nikuambie haina neno, Président? Iko na neno.”

Siku zote alimwita Papa Gloire. Jina la Président lilimchoma siku hiyo.

“Uko na karatasi?” Feza aliuliza.

Alikuwa nayo.

“Andika. Lakini utasoma mbele ya Colombe.” Feza akaanza kusema polepole. “Nyavu za matundu madogo ziishe. Kupumzisha ziwa nakubali, lakini mwezi moja. Na isikuwe septembre, juu watoto wanaingia masomo. Ya watu wa ndoana, andika sijui.”

“Niandike sijui?”

“Njo maoni yangu.”

Donatien aliandika, akasoma. Feza alisahihisha neno moja. Akasoma tena. Hapo Feza akaweka kidole.

Karatasi yake mwenyewe Donatien aliijaza mwisho. Penye miezi miwili aliandika: “Hapana, niko na watoto wanne.” Penye nyavu aliandika: “Ndiyo. Niliona samaki wanapunguka, nikawa nacheka.”

Sheria ilipotoka, ilibandikwa kwenye mlango wa paroisse. Matundu ya nyavu yaliongezwa. Samaki kumi wa ndoana walibaki. Mapumziko yakawa mwezi mmoja, julai, kwa sababu akina mama wengi walitaja masomo ya septembre. Julai hiyo familia ya Donatien ilikula maharagwe mpaka Gloire akanuna. Ilikuwa ngumu, lakini ilipita.

Agosti walirudi ziwani na nyavu mpya. Asubuhi ya kwanza walileta sambaza wa urefu wa kidole, wakubwa kuliko wa zamani. Feza alikuja na beseni lake. Alichukua samaki mmoja, akamgeuza kwenye kiganja.

“Bruno angeona hii,” alisema.

Donatien aliinamisha kichwa. Aibu ilikuwa bado ipo.

“Angeona,” alijibu. “Na safari hii ningemuuliza.”

Feza alimweka yule samaki kwenye beseni. Kisha akasogeza beseni karibu.

“Pima, Papa Gloire.”