Namba Ileile Mara Arobaini

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Chiriku hukimbilia chumbani kwa shangazi yake. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Shangazi huandika programu za kompyuta, naye hachoki maswali.

Jumamosi moja shangazi alikuwa na moduli mpya, kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la vitanda vya watoto njiti hospitalini.

"Kitanda kikiwashwa, moduli inachomekwa na kuchukua nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta," alieleza shangazi. "Kikizimwa inachomolewa, na lazima irudishe nafasi yote. Ichomeke na kuichomoa mara arobaini, mama, kila mara uandike kumbukumbu iliyobaki. Namba ikiwa ileile, Jumatatu tunaipeleka wodini."

Mara ya pili namba ilipungua kidogo. Ya tatu ikapungua tena. Chiriku akadhani amebofya vibaya. Isitoshe, shangazi alikuwa amehangaika wiki nzima, na hakutaka kumvunja moyo. Akafuta, akaandika namba ya kwanza hadi mstari wa arobaini, kwa mwandiko wa kupendeza.

Shangazi alipoliona daftari, uso ulimchanua. Akampigia simu muuguzi wa wodi. "Sista, mtambo uko tayari. Hautazimika ghafla, watoto wako salama."

Chiriku akamvuta shangazi mkono. "Shangazi, usimwambie hivyo. Namba nimezitunga."

Akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Shangazi alimwomba muuguzi radhi, akakata simu. Kisha akavuta kiti cha pili.

"Haya, sogea tuhesabu sote."

Kila walipoichomoa moduli, namba ilishuka. Shangazi akawasha kikaguzi cha kumbukumbu, nacho kikaonyesha nafasi iliyokuwa ikiachwa bila kurudishwa.

"Kumbe mkosaji ni mimi," alicheka. "Nilisahau mstari mmoja tu wa programu, wa kurudisha nafasi."

Akauongeza, wakaanza upya. Safari hii namba haikutikisika hata mara moja, na Chiriku hakuandika chochote kabla ya kukiona.

"Ungenyamaza, kumbukumbu ingejaa polepole hadi mtambo uzimike, mtoto akiwa kitandani," shangazi alisema, akimvutia kifuani. "Najua ulitaka nifurahi. Lakini mimi sikukuomba namba nzuri, mwanangu, nilikuomba namba ya kweli. Ukinipenda, niambie mapema kilichoharibika, nikitengeneze."